Giza si kuzima taa: mwongozaji wa njozi za giza anapopewa shujaa

Wiki iliyopita nimelisikia tena ombi lile lile, safari hii kutoka kwa vijana watatu wa Kisauni waliotaka niwapigie picha filamu yao fupi ya shujaa. "Mwalimu, tunataka ifanane na kazi za Guillermo del Toro. Kwa hivyo taa punguza, na shujaa tutamvika nyeusi tupu."

Nimewasha taa za filamu, harusi na nyimbo hapa Mombasa miaka mingi, na hakuna ombi linalonichosha kama hili. Watu wameshika kwamba mwongozaji wa njozi za giza, yaani filamu za viumbe vya ajabu na vitisho kama za huyo Del Toro, akikabidhiwa shujaa, kwanza atazima taa, kisha atamvua shujaa rangi zake.

Hatuna haja ya kubahatisha. Del Toro ameshaongoza filamu za mashujaa: Blade II mwaka 2002, Hellboy mwaka 2004, na mwendelezo wake mwaka 2008. Mtazame huyo Hellboy. Mwekundu utosi mpaka mkia, mkono wa kulia wa jiwe, pembe zimekatwa zikabaki visiki viwili kwenye paji la uso, na chumbani kwake paka wamejaa. Nyeusi tupu iko wapi?

Aliyempiga picha ni Guillermo Navarro, na ndiye aliyepata Oscar ya upigaji picha kwa Pan's Labyrinth ya 2006, filamu ya msichana anayeishi kati ya wanajeshi na viumbe vya ajabu, ile ile ambayo kila mteja huniletea kama mfano wa giza. Rudi uitazame bila haraka. Ulimwengu wa wanajeshi ni wa rangi baridi na mistari iliyonyooka. Ulimwengu wa viumbe una dhahabu na wekundu, na umbo lake limepindapinda. Zimwi lenye macho viganjani limeketi kwenye chumba chenye rangi ya moto, mbele ya meza iliyosheheni chakula. Unatishika kwa sababu unaliona, mpaka ngozi inavyoning'inia mikononi.

Kamera si jicho. Jicho la mtu hulizoea giza baada ya muda, lakini kamera ukiinyima mwanga itakupa chenga, vile vijidoti vinavyotapakaa kwenye picha, na chenga ni vigumu kuziondoa vizuri kwenye kuediti. Usiku mmoja tulikuwa kichochoroni Mji wa Kale na kundi jingine lililong'ang'ania mambo haya haya. Shujaa wao, mavazi meusi, alisimama mbele ya mlango mkongwe wa nakshi. Kwenye skrini tuliona meno na weupe wa macho, basi. Nikaomba dakika 20. Taa moja nikaipandisha kwenye roshani nyuma ya kijana, nikaifunika karatasi ya buluu. Nyingine ndogo, ya rangi ya chungwa, nikaificha dirishani kama karabai ya mwenye nyumba. Kisha tukamwaga ndoo tatu za maji chini. Mabega yakapata ukingo, maua ya nakshi yakajitokeza mlangoni, sakafu ikarudisha mwanga, na bado kila aliyetazama aliona usiku wa manane. Tulikuwa tumeongeza taa, hatukupunguza hata moja. Ukitaka giza, njoo na taa, waya mrefu wa stima na maji. Ndoo ya maji naiweka mbele hata ya lenzi ya bei.

Ndiyo maana nikimfikiria mwongozaji wa aina hii akipewa Superman, ambaye tangu 1938 amevaa buluu na nyekundu, simwoni akizifubaza rangi hizo. Namwona akimjengea mji wenye kutu na chumvi, kuta zinazobanduka chokaa mpaka matumbawe yakaonekana, kama zetu huku pwani, ili lile joho jekundu likipita liwake kama kaa. Na adui angemtunza: angempa nyumba, upweke, na kitu anachokipenda.

Husemwa pia kwamba viumbe vya Del Toro vyote ni kompyuta. La. Ndani ya zimwi lile la viganjani yumo mtu, mwigizaji Doug Jones, aliyekuwa akionea kwenye matundu ya pua ya kinyago. Ni yeye pia aliyevaa yule mtu-samaki wa Hellboy. Kompyuta ilisaidia, haikuanza. Kabla ya kulipia programu, mtafute fundi cherehani mzuri.

Kwamba filamu za namna hii hazilipi? Batman ya Tim Burton, 1989, ilivuka dola milioni 400 duniani. James Wan, mkono uliokomaa kwenye filamu za kutisha, alipewa Aquaman ya 2018 ikapita dola bilioni moja. Hilo nalifunga hapo.

Na wako wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Del Toro ni mtu wa Guadalajara, Meksiko. Na sisi tulilala na mazimwi kabla hatujajua kusoma: paukwa, pakawa, taa ya chemni inapepea, bibi anamfikisha mtoto kwenye nyumba yenye vyumba saba na kumwonya asikifungue cha saba. Kwenye filamu ile ya 2006 msichana anaonywa asile chochote mezani, naye anachuma zabibu. Mtoto wa Kibokoni akiitazama anajua papo hapo kitakachofuata. Kwa nini basi vijana wetu waanze kwa kuazima koti jeusi, na hadithi wanayo nyumbani?

Wale watatu wamerudi jana. Mmoja amemrekodi bibi yake kwenye simu, dakika 40 za hadithi ya zimwi na binti. Shujaa sasa atavaa joho jekundu la babu, lenye tarizi ya dhahabu shingoni. Tunapiga picha Alhamisi baada ya Isha, na nimewaambia waje na ndoo.