Grafu ya pau ni nini, na unaiwekaje kwenye Word bila kuumiza kichwa

Fundi wa kuezeka ukimwambia pau anaelewa ni ule mti mrefu unaolala kwenye paa. Sasa grafu ya pau ni hivyohivyo, unachukua miti, kila kitu unachohesabu unakipa mti wake, na urefu wa mti ndo namba yenyewe. Rangi ni urembo, kivuli ni urembo, ile 3D ndo kabisaa, tena inaharibu, kwa sababu unashindwa kuona mti unaishia wapi. Urefu tu.

Na kwa sababu ni urefu tu, wala huhitaji programu ya maana kuitengeneza. Chukua sensa za Tanzania: 2002 tulikuwa milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, 2022 milioni 61.7. Tuseme kila kibox ni watu milioni 5:

2002 ███████
2012 █████████
2022 ████████████

Hiyo tayari ni grafu, na nimeiandika kama maandishi ya kawaida. Kwenye Word ya Windows andika 2588 halafu bonyeza Alt na X kwa pamoja, inageuka kuwa kibox cheusi, kikopi uwezavyo. Ila majina yakiwa na urefu tofauti (Dodoma, Kigoma, Dar es Salaam) usipange kwa kubonyeza spesi spesi, pau zitaanzia sehemu tofauti na hapo umeshadanganya bila kujua. Weka tebo ya kolamu mbili, majina kushoto, pau kulia, afu futa mistari ya tebo. Kama namba ni nyingi ziache Excel ikuchoree, fomula ni =REPT("█",ROUND(B2/5,0)), B2 ni kile kijumba chenye namba yako (kwa milioni) na 5 ni thamani ya kibox kimoja, na hiyo ROUND usiitoe kwa sababu REPT inakata desimali, 34.4 ukigawa kwa 5 itakupa vibox 6 badala ya 7.

Mi ripoti fupi ya kurasa mbili naiwekea hivi na inatosha, haihami hami kwenye ukurasa na faili linabaki jepesi.

Ukitaka ya kisasa zaidi nenda Insert, halafu Chart. Hapa watu wengi wanapotea, maana Word pau zilizosimama inaziita Column na zilizolala ndo inaziita Bar. Majina yakiwa marefu chukua zilizolala, yanasomeka bila kupinda shingo. Ukichagua inafunguka karatasi ndogo ya Excel yenye Category 1 mpaka 4 na Series tatu za mfano, andika vyako juu yake, na zile Series usizozitaka vuta kona ya ule mstari wa bluu uziache nje, la sivyo utaprinti ripoti ina pau za uongo za Microsoft na watu watakuuliza hizi za chungwa ni za nini.

Kitu cha kuchunga kuliko vyote ni sifuri. Ukifungua mpangilio wa mhimili (ule mstari wa namba pembeni ya pau) unaweza kuiambia ianzie milioni 30 badala ya 0, na wengine wanafanya hivyo ili tofauti "ionekane vizuri". Sasa angalia sensa yetu ileile: ukikata milioni 30 za chini, 2002 inabaki na 4.4 na 2022 inabaki na 31.7, yaani pau moja inakuwa ndefu kama mara saba ya mwenzake wakati watu hata mara mbili hawajafika! Namba pembeni ni za kweli, picha ni ya uongo, na msomaji anaamini picha.

Na si kila data ni ya pau. William Playfair wa Scotland, anayetajwa kama mwanzilishi wa grafu ya pau, mwaka 1786 alichora pau za biashara ya Scotland na nchi 17 kwa sababu data aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka mmoja tu, hakuwa na miaka ya kuunganisha kwa mstari. Vitu vilivyo mbalimbali, mikoa, bidhaa, madarasa, hivyo ndo vya pau. Joto la kila siku mwezi mzima chora mstari bana.

Ukikopi chati kutoka Excel kuja Word angalia ile alama ya Paste inayotokea pembeni. Ukichagua Embed, kitabu chote cha Excel kinaingia humo na shiti zake zote, so unayemtumia ripoti anaweza kufungua akakuta mpaka mishahara. Ukichagua Link, chati inabaki inategemea faili lako la Excel, hivyo ukituma Word peke yake chati itaonekana ila hatoweza kubadili namba. Mi nachagua Picture, namba za asili nabaki nazo mwenyewe, na kama steshenari wanaprinti nyeusi na nyeupe naweka pau moja nyeusi tii na nyingine kijivu cha mbali, maana nyekundu na kijani zikitoka pale ni mapacha.