Sterio si kelele, wala si spika mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia bandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kabeba sabufa begani kama gunia la dagaa. Akaitua mezani, akajifuta jasho. "Shikamoo fundi. Hii redio sterio imeisha." Imeishaje? "Haipigi kwa nguvu kama zamani."

Alikuwa wa tatu ndani ya siku chache. Wa kwanza alitaka nimwongezee sterio, kumbe anataka besi. Wa pili alikuwa akikisifia kiredio chake cha blututhi kwamba ni sterio ya hatari, na nilipokifungua nikakuta spika moja tu. Duara la upande wa pili ni wavu uliobandikwa juu ya plastiki tupu. Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya niandike.

Sterio ni sauti inayosafiri kwa njia mbili zinazojitegemea, ya kushoto na ya kulia, ili aliyekaa katikati asikie kila chombo kimekaa upande gani. Ikisafiri kwa njia moja, hiyo ni mono. Nguvu inahusu wati, mdundo unahusu besi, na wingi wa spika ni wingi wa spika tu. Hizo wati elfu tano zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boksi tuziache, tutagombana bure.

Lililo tamu ni neno lenyewe. Ni la Kigiriki, *stereos*, kitu kigumu, kilichoshikamana, chenye umbo unaloweza kulizunguka. Ukiambiwa na daktari upunguze kolesteroli, neno ni hilohilo: mwanzo wake ni nyongo, na katikati ndiyo hiyo *stereos*, kwa sababu kitu hicho kilipatikana kwanza kwenye vijiwe vya nyongo. Neno letu kamili lilikuwa steriofoni, yaani ugumu na sauti. Watu wakalikata kwa uvivu, na kipande walichotupa ndicho kilichomaanisha sauti. Tumebaki na ugumu.

Sasa ugumu na muziki vilikutania wapi? Kwenye macho. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kifaa alichokiita stirioskopu. Unachora kitu kimoja mara mbili, mara ya kwanza kama jicho la kushoto linavyokiona, mara ya pili kama jicho la kulia linavyokiona. Halafu kila jicho unalipa picha yake peke yake. Picha zote mbili ni bapa, lakini ubongo ukiziunganisha unaona kitu kina kina, kama vile ungeweza kukishika. Kikaonekana kigumu, ndipo likaja jina. Na hapa naomba usipite haraka: kilicholeta ule ugumu ni ile tofauti ndogo kati ya picha mbili. Wape macho picha mbili zinazofanana kabisa na kina chote kinatoweka, unabaki na karatasi.

Masikio yanafanya kazi hiyohiyo. Simama ufukweni Kibirizi, uso umeuelekeza Kongo, fumba macho. Boti ya mbao ikiwasha mashine kwenda Kagunga unajua inaondokea kuliani bila kuambiwa. Mlio unalifikia sikio la kulia kwanza, na kwa nguvu kidogo zaidi, kisha la kushoto. Kinachopishana hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini kichwa kinatosheka nacho.

Mfaransa Clément Ader aliigundua faida hiyo mapema. Mwaka 1881 huko Paris alipanga vinasa sauti mbele ya jukwaa la opera, akavuta nyaya hadi kwenye maonyesho ya umeme, na msikilizaji akashika visikizio viwili vya simu, kimoja kila sikio. Watu wakashangaa kumsikia mwimbaji akitembea kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda mwingine, na wao hawamwoni. Miaka hamsini baadaye, Desemba 1931, mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI kule Uingereza aliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya mfumo mzima. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa sinema, alipokerwa kuona mwigizaji yuko pembeni mwa pazia na sauti yake inatoka kwingine. Yeye hakuuita sterio, aliuita wa masikio mawili. Ndani ya hataza hiyo mlikuwa na jambo ambalo mimi kama fundi bado linanifurahisha: mfereji mmoja wa santuri wenye kuta mbili, ukuta mmoja umebeba kushoto na mwingine umebeba kulia, na sindano moja inazisoma zote kwa pamoja. Dunia ilisubiri hadi 1958 ndipo santuri za namna hiyo zikauzwa kwa wingi. Blumlein alikuwa amekwishafariki tangu 1942, kwa ajali ya ndege wakijaribu rada.

Kwa hiyo mtu akinionyesha spika mbili na kuniambia "si unaona, sterio," namjibu kwamba ukichapa barua moja nakala mbili hujaandika barua mbili. Spika mbili zinazosema kitu kilekile ni mono iliyorudiwa. Vispika vingi vya blututhi vina spika mbili kweli, zimepishana kwa upana wa kiganja ndani ya boksi moja, na mara nyingi zinaimba sawasawa. Si vibaya, vinafaa jikoni. Ila neno hilo halivihusu.

Na kinyume chake pia kipo, ambacho ndicho kinachoharibu muziki wa watu kweli: sterio halisi iliyotenganishwa. Niliitwa Ujiji kwa mzee mmoja mstaafu. Shikamoo, marahaba, nikapewa kahawa kabla ya kazi. Shida yake aliieleza hivi: "Mwanangu, redio hii inanificha solo. Wimbo naujua tangu ujana. Nikikaa barazani solo siisikii. Nikiingia ndani kunywa maji, naikuta." Fundi mwingine alishambadilishia spika, na solo ikaendelea kujificha.

Sikuhitaji bisibisi. Spika moja ilikuwa sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na nyingine imetolewa kwa waya mrefu kupitia dirishani hadi barazani kwa wacheza bao. Katika rumba za Kongo gitaa la solo mara nyingi limewekwa upande mmoja na la rithimu upande wa pili. Wacheza bao walikuwa wanapewa rithimu siku zote, na kabati linakula solo peke yake. Redio ilikuwa nzima kabisa, ikifanya kazi yake kwa uaminifu, nusu ndani na nusu nje.

Hapo ndipo jinsi ya kupanga redio inapotoka kwenye maana ya neno. Spika zote mbili zikae chumba kimoja, zikutazame, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Mita mbili kwa mita mbili zinatosha sebule ya kawaida. Zikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa kitini, zisiwe moja juu ya kabati na moja nyuma ya kochi. Kitambaa ukitoe, bibi atasamehe. Sauti nyembamba zinanaswa na nguo. Herufi L ni kushoto kwako wewe unayesikiliza, R ni kulia, na kwenye pini zile nyeupe ni kushoto, nyekundu ni kulia.

Nyaya za spika zenyewe zima umeme kwanza, kisha nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Nyuzi za shaba zisiguse jirani, maana hapo unaunguza amplifaya na kunipa mimi kazi. Ukigeuza waya wa spika moja tu, muziki utapiga, lakini spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Besi inanywea, na mwimbaji aliyekuwa katikati anaelea hajulikani yuko wapi. Wengi wakifika hapo huongeza sauti. Geuza waya.

Na sabufa? Mji mzima tunaita sabufa seti yote, na mimi nimeshakubali, kama tunavyosema "zima redio" na inayopiga ni flashi. Lakini inachekesha. Sabufa kwa haki yake ni lile boksi kubwa la besi peke yake. Zile namba 2.1 zilizoandikwa mbele, mbili ndiyo sterio, na hiyo nukta moja ndiyo sabufa. Boksi ni moja kwa sababu wimbi la besi ni refu, la mitetemo hamsini kwa sekunde linakaribia mita saba, refu kuliko sebule nyingi za hapa, na masikio hayawezi kutambua limetoka kona gani. Ndiyo maana boksi unaweza kuliweka chini popote, hata pembeni ya meza ya televisheni. Yaani seti nzima tumeipa jina la kipande pekee kisicho na sterio ndani yake.

Mwenye shaka ajaribu hedifoni zilizochakaa shingoni mwa pini. Waya wa kurudishia umeme, ambao pande zote mbili zinautumia pamoja, ukikatika, mwimbaji anapotea na vyombo vinabaki, kama mtu amemtoa studio. Unachosikia wakati huo ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji ilikuwa sawa pande zote, haina tofauti, ikajifuta. Hedifoni mbovu inafundisha sterio kuliko mimi.

Mono nayo si tusi. Anayesikiliza kwa sikio moja, awe dereva wa bodaboda au mtu ambaye sikio lake moja halisikii, anapoteza nusu ya wimbo kila siku bila kujua. Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu ya kuchanganya pande zote mbili kuwa mono, aiwashe. Na ukinasa stesheni ya FM ya ng'ambo ya ziwa ikaja na mchakacho kama mafuta ya samaki wa mgebuka jikoni, tafuta kitufe cha mono kwenye redio. Mchakacho unapungua sana, kwa kuwa sterio ya FM inadai mawimbi yenye nguvu kuliko mono. Taarifa ya habari haihitaji kushoto na kulia.

Yule kijana wa sabufa sterio yake ilikuwa salama. Koili ya spika ya besi ndiyo iliyokuwa imeungua, nikaibadilisha, na alipoondoka alisema asante, sasa sterio imerudi. Nikamwambia besi ndiyo imerudi, sterio haikuwahi kuondoka, akacheka akidhani natania. Mzee wa Ujiji yeye alielewa, ila hakukubali wageni wake wa bao wakose muziki. Tukapatana. Spika zote mbili sasa ziko kwenye dirisha la sebule, kila moja ncha yake, zimegeukia barazani. Mama wa nyumba ndiye anayelalamika kwamba sasa anasikiliza migongo.