Supermoto ya umeme: ubavu wa tairi usomwe kabla ya ukaguzi

Malalamiko yanayotufikia wakaguzi kuhusu supermoto za umeme, yaani pikipiki zenye umbo la zile za njia mbovu lakini zenye magurudumu na tairi za lami, yameongezeka, na mengi huanza vilevile: "Pikipiki ni mpya kabisa, imekataliwaje?" Upya hatuupimi. Tunaangalia kama chombo kilicho mbele yetu ndicho kilichoandikwa kwenye cheti cha ulinganifu, yaani hati ya mtengenezaji inayosema chombo kinalingana na aina iliyoidhinishwa, na mara nyingi kinapoachana na cheti ni kwenye tairi.

Tuseme mtu amenunua enduro, pikipiki ya njia mbovu, gurudumu la mbele inchi 21, la nyuma inchi 18, kisha fundi akamfungia rimu za 17 mbele na nyuma. Tairi ya nyuma ya awali, 140/80-18, ina kipenyo cha milimita 681 hivi; mpya ya 160/60-17 ina 624. Kipima mwendo kinachohesabu mizunguko ya mota hakijui kama rimu zimebadilishwa. Ukiwa kwenye 50 halisi, chenyewe kitaonyesha karibu 55, na kilomita kitazizidisha vivyo hivyo. Tunaambiwa hilo ni jema kwa kuwa linampunguza mwendesha pikipiki mwendo. Sawa, lakini anayefunga gurudumu kubwa kuliko la awali anapata kinyume chake, na Kanuni ya Umoja wa Mataifa Na. 39 hairuhusu kipima mwendo kusoma chini ya mwendo halisi hata kidogo. Tena breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisijifunge, hulinganisha mzunguko wa gurudumu la mbele na la nyuma. Uwiano ukivurugika, mfumo unaweza kudhani gurudumu linateleza wakati halitelezi.

Sasa ubavu wenyewe. Chukua 120/70-17 M/C 58W. Namba za ukubwa: 120 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi M/C zinaonyesha kuwa tairi ni ya rimu ya pikipiki. 58 ni uwezo wa kubeba kilo 236. W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Tairi yenye J inaishia 100. Betri ni nzito na mota ya umeme hutoa nguvu yake papo hapo, kwa hiyo kushusha namba ya uzito au herufi ya mwendo chini ya iliyo kwenye cheti hakukubaliki, hata kama tairi imeingia vizuri.

Na kuhusu "kuingia": tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa mabega, ikachongoka katikati, na sehemu inayogusa lami ikapungua badala ya kuongezeka. Tukiizungusha kwa mkono, mara nyingi tunakuta mstari mweusi wa mpira kwenye mkono wa nyuma wa pikipiki, ule unaoshika gurudumu, au kwenye mnyororo: tairi inasugua. Mwenye pikipiki huuita vumbi. Vumbi hufutika kwa kitambaa.

Herufi E ndani ya duara si daraja la ubora, tafadhali. Namba iliyo pembeni yake ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi. Tairi yenye herufi NHS (kwa Kiingereza, Not for Highway Service) haikutengenezwa kwa barabara za umma, na tairi ya mashindano isiyo na mifereji ni kipara tangu kiwandani, hata ikiwa na gundi kama asali. Tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3524 ni wiki ya 35 ya 2024.

Dhana nyingine inayotuchosha ni kwamba chombo kisicho na injini ya petroli hakihitaji namba wala leseni. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni Na. 168/2013 inahesabu kilowati: moped, yaani pikipiki ndogo, inaishia kilowati 4 na kilomita 45 kwa saa, pikipiki ya daraja la A1 kilowati 11, la A2 kilowati 35, na A1 na A2 zina kikomo pia cha nguvu kwa uzito. Inayohesabiwa ni nguvu endelevu, si ile ya sekunde chache inayopambwa kwenye matangazo. Ukifungua kikomo cha mwendo kwa programu ya simu, umehama daraja: leseni ya zamani haikufuniki na bima ina sababu ya kukataa kulipa. Na mashine iliyouzwa kwa ajili ya uwanja haigeuki kuwa ya barabarani kwa kufungiwa taa, honi na vioo. Inahitaji idhini yake.

Utaratibu hutofautiana nchi na nchi, ila kwa kawaida huenda hivi. Nyaraka kwanza: cheti cha ulinganifu na, kama ukubwa wa tairi umebadilishwa, barua ya mtengenezaji inayoutaja ukubwa huo pamoja na upana wa rimu. "Inafaa" pekee haitoshi. Kisha namba ya chasisi, herufi na tarakimu zote 17. Kisha gurudumu hunyanyuliwa na kuzungushwa, nafasi hupimwa pande zote mbili, upepo hupimwa tairi ikiwa baridi, kina cha mifereji hupimwa mahali kadhaa. Kasoro ikiwa kubwa, unarekebisha na kurudi. Ikiwa ya hatari, pikipiki haiondoki kwa magurudumu yake, hata kama nyumbani ni jirani, na gharama ya kuibeba ni yako. Na ukija ukaguzi wa marudio, njoo na tairi zilezile utakazotumia barabarani, si za kuazima.