Haki ya maji wakati wa vita: maana yake, na nani anadaiwa

Haki ya maji ni haki ya kila mtu kupata maji ya kutosha na salama, karibu na anapoishi, kwa bei anayoimudu, kwa ajili ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ndivyo ilivyoeleza kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni mwaka 2002. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua rasmi kwa azimio namba 64/292. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 zilijizuia kupiga kura. Kenya na Tanzania zilikuwa kati ya hizo 41. Cha ajabu, siku saba baadaye Wakenya walipiga kura ya maoni wakapitisha katiba ambayo ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha.

Vita haviifuti haki hii, ila vinaleta sheria ya pili juu yake. Sheria ya haki za binadamu inaidai serikali ihakikishe watu wanapata maji. Sheria ya vita inamwambia kila anayebeba silaha, awe askari wa serikali au mwasi, asiyaguse. Itifaki za Ziada za mwaka 1977 za Mikataba ya Geneva zinakataza kushambulia, kuharibu au kulemaza vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, na mitambo ya maji ya kunywa imetajwa waziwazi. Kifungu cha 54 cha Itifaki ya Kwanza kinahusu vita vya nchi na nchi, na kifungu cha 14 cha Itifaki ya Pili kinahusu vita vya ndani.

Hicho cha 14 kina tundu. Kinakataza kuharibu mitambo ya maji kwa lengo la kuwatesa raia kwa njaa na kiu. Sasa lengo utalithibitishaje? Kombora likitua kwenye pampu, kila upande utasema ulikuwa unamlenga adui aliyekuwa karibu. Na mara nyingi hata pampu yenyewe haiguswi.

Tuitazame Goma, mashariki mwa Kongo. Mji uko ufukweni kabisa mwa Ziwa Kivu, hivyo mgeni anaweza kujiuliza shida ya maji inatoka wapi. Ardhi yake ni mwamba wa volkano uliotokana na Nyiragongo. Kuchimba kisima ni taabu, kuchimba choo vilevile. Kampuni ya umma ya maji, Regideso, huvuta maji ziwani, huyatibu, kisha huyasukuma kupanda mjini. Kuyasukuma kunahitaji umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati waasi wa M23 wakiukaribia mji na kisha kuuingia, mapigano yaliharibu nyaya za umeme na pampu zikasimama. Mabomba yalikuwa mazima, ila hayakuwa na maji. Watu wakashuka ziwani na bidoni za njano za lita 20, kichwani au juu ya chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, wakachota maji yasiyotibiwa.

Kwenye vituo vya klorini vinavyowekwa ufukweni nyakati kama hizo, mhudumu husimama na bomba la sindano, huvuta dawa na kuitia kwenye kila bidoni inayopita mbele yake. Kisha unatakiwa usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mtu aliyepanga foleni na watoto wenye kiu hasubiri kila mara, na hilo usimlaumu. Goma inajua gharama ya maji yasiyotibiwa: Julai 1994, kati ya wakimbizi waliotoka Rwanda, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Mashirika ya misaada yana kipimo cha dharura wanachokifuata, viwango vya Sphere: lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, umbali usiozidi mita 500, foleni isiyozidi dakika 30. Lita 15 haijazi hata bidoni moja, na ndani yake kuna kunywa, kupika na kuoga. Ni kipimo cha kukuvusha tu. Mwaka 2019 UNICEF ilieleza kwamba katika nchi zenye vita vya muda mrefu, watoto chini ya miaka 15 wana uwezekano karibu mara tatu wa kufa kwa kuhara kunakotokana na maji machafu kuliko kwa risasi na mabomu.

Serikali ikifukuzwa mjini, nani anadaiwa maji? Serikali na kundi lililouteka mji, wote wawili, kwa namna tofauti. Katiba ya Kongo, ibara ya 48, inahakikisha haki ya maji ya kunywa na ya umeme kwa pamoja, na serikali haiachiliwi deni hilo kwa kupoteza mji: angalau haipaswi kuzuia klorini, vipuri wala mafundi kupita. Kundi lililoushika mji nalo linabanwa na sheria ya vita, na kadiri linavyotoza kodi na kuteua viongozi, ndivyo inavyokuwa vigumu kwake kudai kwamba maji si kazi yake. Kwa maoni yangu, kinachopimika hapa ni ruhusa: je, fundi wa umeme alipewa njia salama ya kwenda kwenye waya uliokatika, na baada ya siku ngapi?

Kuhusu kuwashtaki wahusika, Mkataba wa Roma uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ulihesabu kuwanyima raia chakula na maji kama silaha kuwa uhalifu wa kivita, lakini katika vita vya nchi na nchi tu. Mwaka 2019 wanachama walikubaliana kuongeza vita vya ndani. Nyongeza hiyo inazibana nchi zilizoiridhia peke yake.