Steamboat Willie haikuwa katuni ya kwanza yenye sauti
Wengi husema, tena kwa uhakika, kwamba Steamboat Willie, ile filamu fupi ya Mickey Mouse iliyooneshwa New York Novemba 1928, ndiyo katuni ya kwanza kuwa na sauti. Siyo. Ndugu wa Fleischer, watengenezaji katuni wa Marekani, walishatoa katuni ya My Old Kentucky Home mwaka 1926, mbwa akitamka maneno kabisa, na Dinner Time ya Paul Terry, mtengenezaji katuni mwingine, nayo iliitangulia Steamboat Willie kidogo.

Kilichoipa Steamboat Willie jina ni jinsi picha na muziki vinavyokwenda bega kwa bega. Wakati wa kurekodi, kipira kilidunda kwenye picha ili kiongozi wa bendi asipoteze mwendo. Matokeo yake ndiyo haya: mbuzi anakula karatasi za muziki, Minnie anamzungusha mkia kama mpini wa gramafoni, na wimbo unamtoka mdomoni! Mickey naye anagonga meno ya ng'ombe kama marimba, kila jino na mlio wake, wala pigo halichelewi. (Lile la kumvuta paka mkia ili alie sijalipenda hadi leo.) Maneno yenyewe ni machache mno, kwa hiyo hata mtoto asiyejua Kiingereza anacheka palepale.