Je, Wajua Kwa Nini Faini ya Mwendokasi Humfuata Dereva Hadi Jimbo Lake?

Dereva mwenye leseni ya Ohio aliyesimamishwa na askari huko Virginia na kupewa tiketi ya mwendokasi anaweza kujiambia kwamba, madhali hana mpango wa kurudi huko, karatasi hiyo haimhusu tena. Hoja yake ina mashiko kidogo, kwa sababu kila jimbo la Marekani lina sheria zake za barabarani, mahakama zake na ofisi yake ya leseni, na Virginia haiwezi kuifuta leseni iliyotolewa Ohio. Kinachoivusha tiketi hiyo mpaka ni mikataba miwili ambayo majimbo yalijifunga nayo yenyewe.

Mkataba unaowagusa wanaopuuza tiketi ni wa mwaka 1977. Kabla yake, askari aliyemkamata mgeni hakuwa na hakika kama angemwona tena, na kwa hiyo mgeni huyo mara nyingi alilazimika kuacha dhamana ya fedha papo hapo au kupelekwa moja kwa moja mbele ya hakimu. Siku hizi huachiwa aendelee na safari yake kwa ahadi tu ya kuishughulikia tiketi. Asipoitimiza, mahakama hutoa taarifa, na jimbo lake la nyumbani husimamisha leseni yake hadi athibitishe kwamba amelimaliza shauri. California na Michigan ni miongoni mwa majimbo machache yasiyomo katika mkataba huo, lakini hilo si kinga ya kutegemea, kwani jimbo la tukio linaweza kumzuia dereva kuendesha gari humo, na kizuizi hicho kikaonekana katika daftari la kitaifa ambalo ofisi za leseni hulikagua mtu anapoomba leseni.

Mkataba wa pili, ulioanza miaka ya 1960, unahusu kupeana taarifa za waliotiwa hatiani. Jimbo la nyumbani likishapata taarifa hufuata sheria yake, na hapo tofauti ni kubwa: New Jersey humwekea dereva wake pointi 2, yaani alama za makosa zinazohesabiwa dhidi ya leseni, kwa kosa la uendeshaji alilolifanya jimbo jingine, ilhali New York haiweki pointi kwa mwendokasi wa nje, isipokuwa uliotokea Ontario au Quebec, nchini Kanada. Kukosa pointi hakumaanishi kwamba kampuni ya bima haitaliona kosa hilo katika kumbukumbu za dereva.

Ndiyo maana haraka ya kulipa mtandaoni ili jambo liishe nayo ina gharama yake, kwa kuwa kulipa ni kukiri kosa, na kukiri ndiko kunakozaa taarifa inayotumwa nyumbani. Ni afadhali kwanza kuisoma tiketi ili kujua kama inaruhusu kulipwa bila kufika mahakamani, kisha kumuuliza karani wa mahakama, kabla ya tarehe iliyoandikwa, iwapo kuna nafasi ya kosa kupunguzwa au ya kuhudhuria darasa la udereva. Virginia inahitaji uangalifu wa pekee: kupita kikomo kwa maili 20 kwa saa au zaidi, au kuzidi maili 85 kwa saa popote pale, huweza kushtakiwa kama uendeshaji wa kizembe, ambao ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miezi 12 jela na faini ya hadi dola 2,500. Kwa shtaka kama hilo, ada ya wakili wa utetezi anayefanya kazi katika kaunti husika, ambaye mara nyingine huruhusiwa kusimama mahakamani kwa niaba ya mteja aliye mbali, ni fedha iliyotumika vizuri.

Wanaobanwa zaidi ni madereva wa malori, kazi inayofanywa na Waafrika Mashariki wengi walioko Marekani. Sheria ya shirikisho humtaka mwenye leseni ya kuendesha magari ya biashara amjulishe mwajiri wake ndani ya siku 30 baada ya kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani, hata kama alikuwa katika gari lake binafsi. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi akiwa na lori huhesabiwa kuwa kosa zito, na makosa mawili ya aina hiyo ndani ya miaka 3 humwondoa barabarani kwa siku 60. Isitoshe, majimbo yamekatazwa kulificha kosa lake kwa njia ya darasa la udereva, kwa hiyo nafasi yake ya kujitetea ni kabla ya hukumu.