Je, wajua kwa nini karafuu ziko Pemba zaidi kuliko Unguja? Upepo wa siku moja ndio uliogeuza mambo

Muulize mtu yeyote pale Darajani karafuu zinatoka wapi, atakwambia Pemba bila hata kufikiri. Na ni kweli, sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar inachumwa Pemba. Lakini swali hilo hilo ungeliuliza mwaka 1870 ungejibiwa Unguja, na Pemba wangekutajia mpunga. Sasa hapo katikati kulitokea nini? Wengi wanasema ni udongo, na mimi sikatai, Pemba ina udongo mzito na mvua nyingi, Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, si bure. Ila udongo ule ulikuwepo miaka yote na karafuu bado zilikuwa Unguja. Kilichopindua mambo ni siku moja tu, tarehe 15 Aprili 1872.

Turudi nyuma kidogo kwanza manake mkarafuu wenyewe si mti wa huku. Kwao ni visiwa vya Maluku, kule Ternate na Tidore, Indonesia ya leo, na Waholanzi walizishikilia karafuu hizo kwa mabavu hasa, walikuwa wanakata mikarafuu ya visiwa vyengine ili biashara ibaki mikononi mwao peke yao. Mwaka 1770 Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, akafanikiwa kupata miche kwa magendo ikapandwa Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikaletwa Unguja miaka ya 1810 hivi. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil, na mashamba ya mwanzo ni Mtoni na Kizimbani, Kizimbani hii hii wanayopelekwa watalii kuonyeshwa viungo. Baadae Sayyid Said, Sultani wa wakati ule, akamnyang'anya mashamba yake. Sayyid Said alikuwa na jicho la biashara, aliona faida mapema, inaelezwa aliwaamrisha wenye mashamba kwamba kwa kila mnazi mmoja wapande mikarafuu mitatu na asiyepanda ananyang'anywa ardhi. Haukupita muda mrefu Unguja ikawa ndiyo inayoongoza duniani kwa karafuu.

Na hapa lazima niseme wazi, kwa sababu mara nyingi tunaruka: mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Watu walioletwa kutoka bara, wakapitishwa soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, wakapelekwa mashamba kupalilia na kuchuma. Ukiisoma historia ya karafuu ukawaacha wao, hujasoma kitu.

Shida ikaja kwamba kila mtu alipanda, karafuu zikajaa sokoni na bei ikashuka. Kwa hiyo Pemba hakukuwa na haja ya kukimbilia karafuu, mikarafuu ilikuwepo lakini si kwa wingi wa Unguja, mpunga ndio ulikuwa unauzwa mpaka Mombasa.

Basi ikafika Aprili 1872. Sultani ni Sayyid Barghash, ana mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti, na mji ndo kwanza umetoka kwenye kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua watu wengi sana. Aprili ni mwezi ambao kaskazi imeshakwisha na kusi inaanza, majahazi ya Arabuni na India yaliyokuja na kaskazi yanakuwa bandarini yanasubiri upepo wa kurudi nao. Bandari imejaa vyombo. Halafu ndo kikaja kimbunga. Kiliipiga Unguja uso kwa uso, vyombo karibu vyote vilivyokuwa bandarini vikatupwa ufukweni au vikazama, pamoja na meli za Sultani mwenyewe. Kule mashamba minazi ikalala na mikarafuu ikang'oka. Balozi mdogo wa Muingereza wakati ule, John Kirk, aliripoti kwamba kiasi cha theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja imekwenda. Mkarafuu mkubwa unakwenda juu sana na matawi yake ni mepesi kuvunjika, mchumaji yeyote wa Pemba anakujua kuvunjika huko maana kila msimu tunasikia mtu kaanguka, sasa fikiria mti kama huo kwenye upepo wa kimbunga.

Na Pemba? Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Ni kilomita 50 hivi tu kaskazini ya Unguja lakini haikupata pigo lile.

Kwa nini kimbunga kilikuwa jambo la ajabu hivyo kwetu? Kwa sababu tuko karibu sana na ikweta. Kimbunga ili kizunguke kinahitaji ule msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo ukikaribia ikweta unapungua mpaka unakwisha kabisa. Unguja ipo nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5, na juu ya hilo Madagascar imekaa pale kusini mashariki inavizuia vingi visije huku. Ndo maana vinatokea kwa nadra sana, watu wanasahau, halafu kinakuja chengine kama Hidaya cha Mei 2024 kilichofika pwani yetu upande wa Mafia na watu wakashangaa kwamba kumbe huku pia vinafika.

Baada ya dhoruba bei ya karafuu ikapanda, lazima ipande, mzalishaji mkubwa wa dunia kaanguka. Sasa hapa ndo penyewe, ushike vizuri: mkarafuu si mhogo, ukiupanda leo utasubiri miaka mitano, sita, hata minane ndo uanze kuzaa, na kuzaa kwa nguvu ni baadae zaidi. Mwenye shamba wa Unguja aliyepanda upya mwezi ule ule angeanza kuona karafuu karibu na 1880. Mwenye mikarafuu Pemba alikuwa nayo tayari, imesimama, na bei imepanda. Watu wakahamishia fedha na nguvu Pemba, misitu ikakatwa, vilima vya upande wa magharibi na kati vikajaa mikarafuu. Unguja ilipanda tena, tena mingi, lakini uongozi ulishahama na haukurudi.

Lakini upandaji ule wa Pemba ulitaka watu, na watu wakati ule maana yake watumwa. Januari 1873 akaja Bartle Frere kutoka Uingereza kumtaka Barghash afunge biashara ya utumwa. Barghash akakataa, na moja ya hoja zake ilikuwa ni hii hii dhoruba, kwamba nchi imeshafilisika mashamba yamekwisha na sasa mnataka kututoa na wafanyakazi. Waingereza wakamtishia kuifunga bandari kwa manuari, na mwezi Juni 1873 akatia saini. Soko la Mkunazini likafungwa na kanisa la Anglikana likajengwa pale pale. Kwa hiyo mkataba umekataza kuwavusha watumwa baharini, na wakati huo huo Pemba inawahitaji kuliko siku zote. Matokeo yake yakawa magendo. Majahazi yakawa yanavuka mkondo usiku kuelekea Pemba na manuari za Kiingereza zinayawinda, mpaka Disemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manuari ya London akauliwa huko huko kwenye maji ya Pemba alipotaka kulikagua jahazi moja. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897.

Kuna mkia mwengine wa kimbunga hiki wengi hawaujui. Barghash alipopoteza meli zake aliagiza mpya Scotland, ikaitwa Glasgow, ikashushwa majini 1878. Hiyo ndiyo iliyozamishwa mbele ya Forodhani asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, kwenye vita vile vya Waingereza na Zanzibar vya dakika 38 hivi vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini mpaka ikaja kuvunjwa 1912.

Turudi Pemba. Baada ya utumwa kufutwa mikarafuu haikubaki kwa mabwana wakubwa tu, Wapemba wengi wa kawaida walikuwa na yao, mtu ana mitano, mtu ana ishirini, na baada ya Mapinduzi zikaja zile eka tatu tatu za ardhi walizogaiwa watu. Ndo maana msimu ukifika Pemba unagusa karibu kila nyumba. Mchana watu wako juu wanavuta matawi kwa ngowe, fimbo yenye ndoano, na kuchuma vishada kabla ua halijafunguka, maana likifunguka thamani imekwenda. Usiku watoto, mama na bibi wanakaa chini kuchambua, karafuu huku makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi na jicho liko mawinguni muda wote, tone la mvua likianza tu nyumba nzima inatoka mbio kuzianua. Msimu ukiwa mkubwa wachumaji hawatoshi, watu wanapanda boti kutoka Unguja kwenda kuchuma Pemba.